Amplifaya Iliyobaki Ng'ambo ya Masale

Mume wangu Aminieli ana woga wa aina nyingi, na wote ameupanga. Anaogopa umeme kukatika. Anaogopa mvua kwenye bati. Anaogopa simu ya mtu kulia wakati maiki ziko wazi. Na anamwogopa mdogo wake, Ndelilio, ambaye hamtaji kabisa. Mimi nimeolewa na Aminieli siku nyingi, kwa hiyo huwa namwelewa. Akianza kulalamika habari za mvua na anga halina hata wingu, najua anamfikiria Ndelilio.

Kazi yake ni kurekodi. Hapa Uru kwaya karibu zote za jirani zimepita mikononi mwake, na matarumbeta ya usharika, na harusi zisizo na idadi. Studio yenyewe ni stoo yetu ya kahawa, ambayo siku hizi ina waya nyingi kuliko kahawa. Amepigilia magunia ukutani na kuegesha magodoro ya zamani kwenye kona. Mgeni akiingia anadhani tunahama.

Mwaka huu akaja kijana wa Pasua anayeitwa Fahad. Mchana ni fundi wa kuchomelea mageti, jioni anapiga gitaa la metal, ule muziki wa magitaa yanayonguruma ambao mimi niliusikia mara ya kwanza nikafikiri mashine ya kukoboa imeharibika. Ngoma na sauti za kuimba walikwisha kurekodi mjini. Magitaa ndiyo yaliyowashinda, kwa sababu kila walipoyawasha majirani waligonga mlango. Mtu akamwambia kuna mzee huko Uru ana stoo katikati ya migomba na hana jirani wa karibu. Hilo la jirani halikuwa kweli, lakini Aminieli hakulisahihisha.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Wiki nzima alinieleza mezani, chakula kikipoa. Gitaa la ridhimu katika muziki ule, alisema, ndiyo ukuta wa nyumba. Amplifaya moja haitoshi kuujenga. Unachukua mbili zenye tabia tofauti, gitaa moja linaingia kwenye zote kwa wakati mmoja, na kila spika inawekewa maiki zake karibu na kitambaa. Kisha mpigaji anarudia kitu kilekile tangu mwanzo. Mara ya kwanza unaipeleka sikio la kushoto, ya pili sikio la kulia.

"Akipishana na nafsi yake kidogo tu," alisema, "husikii ukuta tena. Unasikia watu wawili wanagombana."

Nikamwambia ale kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Fahad alikuwa anaondoka kwenda Dodoma kwa kazi ya mkataba, mwaka mzima, kwa hiyo kama si siku hiyo ilikuwa basi. Akafika asubuhi na bodaboda, gitaa mgongoni, na habari mbaya mdomoni. Amplifaya ya pili, ambayo rafiki yake wa mtaa wa Soweto, mjini, aliahidi kumwazima, haikuja. Rafiki ameghairi. Tukabaki na moja, ile Aminieli aliyoiunda mwenyewe.

Wakajaribu hivyo hivyo. Nilikuwa nje namenya ndizi za mtori na nilisikia kila kitu. Sauti ilikuwa kali, inakwaruza meno, lakini haikuwa na uzito wowote. Aminieli alitoka mara mbili kutazama anga. Mara ya tatu akasimama mlangoni akafuta miwani kwa shati.

"Hii inauma tu," alisema. "Haina kifua. Kifua kiko kwenye ile ya baba."

"Ya baba iko wapi, mzee?" Fahad akauliza.

Aminieli akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya mpaka, kule kwenye nyumba ya wazazi wake. Nadhani kidevu kilimtoroka, maana papo hapo alijirudi. "Achana nayo," akasema, akaenda darini kutafuta magunia zaidi.

Niwaeleze kuhusu amplifaya hiyo. Baba mkwe, Mzee Eliufoo, alikuwa mpiga gitaa wa dansi ujanani, na aliacha amplifaya ya zamani, ya zile taa za kioo ndani yake zinazowaka polepole. Huku kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, kwa hiyo Ndelilio alibaki na nyumba, na mzee, na amplifaya. Sisi tulikatiwa kando kipande cha kihamba, shamba la ukoo, na baba mkwe mwenyewe akapanda masale mpakani. Mmea huo wa isale unaota kila mahali mlimani, majani marefu ya kijani, na hakuna mtoto wa hapa asiyejua kwamba hauguswi ovyo.

Fahad akanifuata jikoni. "Mama, samahani. Mwenye hiyo amplifaya ni mtu mgumu?"

"Ni shemeji yangu. Si mgumu. Ila yeye na huyu mzee wako hawaongei."

"Basi nitaongea naye mimi. Mimi najua kuomba, mama, wala usiwe na wasiwasi."

Akaenda zake. Ana uso wa kucheka, kijana yule, nikafikiri atakwenda nao huo huo. Akinyimwa atarudi, hakuna kilichoharibika.

Aminieli aliposhuka darini akaniuliza kijana yuko wapi. Nikamwambia. Alikuwa ameshika maiki mkononi, na akaiweka chini, juu ya vumbi. Mtu huyu huzilaza maiki zake kwenye taulo kwa upole kuliko alivyowahi kumlaza mtoto wetu Jovin.

"Atafikiri nimemtuma," akasema.

"Akifikiri hivyo kuna ubaya gani?"

Ubaya tuliujua wote wawili. Baba mkwe aliugua msimu wa masika, barabara ikiwa tope tupu. Aminieli alikuwa Arusha akirekodi. Alipofika, mzee alikwisha kufa, kitandani kwake, nyumbani kwake. Na siku ya mazishi, watu wote wamesimama, mchungaji hajafungua hata kitabu, mume wangu akamwambia mdogo wake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Umemwacha baba afe kama kuku."

Ndelilio alikuwa ameshika koleo, akaendelea kulishika.

Baada ya matanga mama mkwe alituita akatueleza. Mzee ndiye aliyekataa. Watu walikuja na machela kumbeba mpaka kwenye gari apelekwe hospitali, akaishika fremu ya kitanda, akasema atakayemtoa nyumbani kwake amemlaani. Ndelilio alitii tu. Aminieli alisikiliza yote, akamshukuru mama yake, akarudi nyumbani, akanyamaza miaka sita. Mkubwa kumwomba radhi mdogo ni mlima wa peke yake. Na Ndelilio hakuwa mdogo wa kupishana miaka michache, ni mtoto ambaye Aminieli alimbeba mgongoni akienda kuchota maji. Kila Krismasi, ndugu wote wakirudi kutoka mijini, hawa wawili walikaa ncha mbili za benchi moja na mama yao akitazama katikati, mahali pasipo na mtu.

Aminieli akatoka kwenda kuchungulia mpakani. Alirudi haraka kuliko alivyokwenda, na uso umebadilika.

"Stella," akasema. Huwa ananiita Mama Jovin. "Amekata isale."

Nikaenda kutazama kwa macho yangu. Kweli, jani moja lilikuwa limekatwa, jipya, kidonda bado kina maji.

Jani la isale, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha. Linasema yale ambayo mdomo umeshindwa kusema, na anayepelekewa halikatai. Kulikataa ni kujitafutia balaa yeye na watoto wake. Lakini kulituma kwa mzaha, au kulituma bila kumaanisha, ni balaa kubwa zaidi. Fahad hakujua hata nusu ya hayo. Baadaye alituambia kwamba bosi wake kwenye karakana, mtu wa Kibosho, alimfundisha kuwa kwa mzee wa Kichagga huendi kuomba kitu mikono mitupu, unakwenda na isale lenye fundo. Bosi hakumaliza kueleza, au Fahad hakumaliza kusikiliza. Mimi nawajua vijana, na nina hakika ni la pili.

"Nimkimbilie?" Aminieli akaniuliza.

"Umkimbilie useme nini? Ndelilio atakuwa amekwisha kuliona."

"Akilikataa?"

"Halikataliwi."

"Akilikubali?"

Akilikubali, angekuja. Na akija, angetaka kusikia maneno, kwa sababu jani haliji peke yake. Nilimtazama mume wangu, mtu mzima mwenye mvi masikioni, nikaona anaogopa kukubaliwa kuliko kukataliwa. Kukataliwa kungempa sababu ya kuendelea kukaa kimya. Ilinikasirisha, na pia nilimhurumia, na hasira na huruma vikikaa pamoja mtu anamenya ndizi vibaya sana. Nusu ya zile nilizomenya zilikwenda kwa ng'ombe.

Yeye aliingia stoo. Nilimwona kupitia mlango akiisogeza maiki karibu na spika, akiirudisha, akiisogeza tena, na spika yenyewe imezimwa. Alikunja waya uliokwisha kukunjwa. Alitoka kutazama anga. Kuku wakapiga kelele kule mpakani akashtuka. Muda ulipita, na Fahad harudi, na kadiri alivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba huko kuna jambo. Amplifaya hukataliwa kwa dakika moja. Fahad alikuwa amewekwa kitako.

Kisha tukasikia gurudumu la toroli likilia kwenye njia ya migombani.

Ndelilio alikuwa amevaa koti lake la kanisani, Jumamosi, na jua lile. Alisukuma toroli mwenyewe. Amplifaya imefunikwa blanketi na kufungwa kamba, Fahad kaishika pembeni, anacheka kwa furaha. Na mfukoni mwa koti la shemeji, juu, pale wanaume wanapoweka leso, lilichomoza jani la isale.

"Habari za hapa, shemeji," akaniambia.

"Nzuri, shemeji. Karibu. Karibu sana."

Kwa kaka yake hakusema kitu. Aliegesha toroli, akavua kofia, akasimama. Alikuwa anasubiri, na alikuwa na haki, kwa sababu aliyetuma ndiye anayeanza. Hata Fahad, asiyejua chochote, aliacha kucheka. Aminieli akafungua mdomo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, sasa.

"Iwekeni pale," akasema, "karibu na ukuta."

Nilikuwa na ndizi mkononi. Nashukuru sikumrushia.

Wakaiweka. Ndelilio akaenda kusimama mlangoni na kofia yake. Zile taa za kioo zikaanza kuwaka polepole, na harufu ya vumbi lenye joto ikatoka, harufu ya nyumba ya baba mkwe. Niliona Aminieli akiinusa na kugeuza uso. Akaweka maiki mbili mbele ya ile, mbili mbele ya yake, na moja mbali kidogo kwa ajili ya chumba. Akamwambia Fahad apige. Kwanza ya Aminieli peke yake: kali kama tulivyoijua. Kisha ya baba peke yake: nzito, inatoka chini ya ardhi. Fahad akapiga yowe la raha.

"Sasa zote," Aminieli akasema.

Zote mbili zikawashwa pamoja, na sauti ikanywea. Sijui niseme nini kingine. Moja peke yake ilikuwa kubwa kuliko mbili. Uzito wote ulikuwa umetoweka, kumebaki mkwaruzo mwembamba wa bati.

"Ni maiki," Aminieli akasema. "Moja iko mbali." Akaisogeza. Ikawa vilevile. Akasogeza nyingine, ikawa mbaya zaidi. Jasho lilimtoka, na najua hakuwa anaiona maiki. Alikuwa anamwona mtu wa mlangoni. Mkono ukagonga stendi, stendi ikaanguka, Fahad akaidaka.

"Spika ya baba waya zake zimegeuzwa," Ndelilio akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa kaka yake tangu mazishi. Aminieli alibaki amechuchumaa vilevile.

"Yako ikisukuma, ya baba inavuta," Ndelilio akaendelea, sauti ya kawaida tu. "Zinakulana. Ni wewe uliyezigeuza, siku ya harusi ya dada, ulipoitengeneza kwa haraka. Ikipiga peke yake haijulikani. Nimeiacha hivyo hivyo."

"Nipe bisibisi," Aminieli akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani, lakini ni Ndelilio aliyeiokota na kumpa. Aminieli akapiga magoti nyuma ya amplifaya ya baba yake. Alichelewa huko kuliko kazi ya waya mbili inavyotaka.

Alipomaliza, Fahad akapiga. Vifuniko vya sufuria zangu vilicheza. Ng'ombe bandani akasimama. Sauti ile niliisikia kifuani kabla ya masikioni, na mimi ambaye siupendi muziki huo nikajikuta nimeinuka. Fahad akapiga wimbo mzima, akaurudia mzima, wa kushoto na wa kulia, na Aminieli akavua vifaa vya masikioni, akasema kwa sauti ndogo kwamba zimekaa.

"Noma, mzee!" Fahad akasema, machozi yanamlenga. "Noma kabisa!"

Ndelilio akatoa jani mfukoni.

"Kazi yenu imekwisha," akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya hili."

Nilimtazama mume wangu. Kilikuwa kimebaki kitu kidogo kweli. Jani lilikwisha kufika, limekubaliwa, mwenyewe amekuja na koti. Alitakiwa kusema nisamehe, neno moja, na Ndelilio asingejua kwamba jani halikuwa lake.

"Sikulituma mimi," Aminieli akasema.

Fahad akatazama jani, akatazama uso wangu, akajua amefanya jambo ingawa hakujua jambo gani. Na Aminieli, mume wangu niliyetaka kumzaba kibao wakati ule, akapita katikati yetu akatoka nje.

Ndelilio akaanza kulikunja blanketi. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayejiandaa kuondoka na asirudi tena.

"Shemeji, subiri," nikamwambia. "Nakuomba. Subiri kidogo tu."

"Nimesubiri sana, shemeji," akasema, lakini hakutoka.

Aminieli akarudi kutoka mpakani. Alikuwa na jani mkononi na alikuwa akilifunga huku anatembea, na vidole vile vinavyounganisha nyaya nyembamba kuliko nywele vilishindwa, jani likamponyoka, akaliokota, akalifunga tena. Akasimama mbele ya mdogo wake.

"Lile sikulituma," akasema. "Hili nimelileta mwenyewe. Baba alikataa kubebwa. Mama aliniambia baada ya matanga, nikajua, na nikanyamaza. Nilikutukana mbele ya watu kwa sababu mimi sikuwepo na wewe ulikuwepo. Nisamehe, Ndelilio."

Ndelilio akalipokea kwa mikono miwili. Akaliweka pamoja na lile la kwanza, akayatazama yote mawili.

"Hili la kwanza nilijua si lako," akasema. "Tazama fundo. Huyu kijana amelifunga kama mzigo wa bodaboda."

"Ulijua?" Aminieli akauliza. "Sasa kwa nini ulikuja?"

"Nimelisubiri jani miaka sita, kaka. Nisingelirudisha kwa sababu ya fundo."

Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama zamani, akasema, "Shikamoo."

Aminieli akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Mimi nikatoka kwenda kumenya ndizi nyingine, maana zile nyingi nilikwisha kumpa ng'ombe, na sasa tulikuwa na mtu wa kula.